Vigae Juu ya Kibanja

Bodaboda wanaopita njia yetu ya Nyabiyonza wana tabia ya kupunguza mwendo wakifika kwetu, wamwonyeshe abiria kwa kidole. "Ile ni nyumba ya wale wenye mtu Ulaya." Abiria naye anageuza shingo. Anaona paa la vigae vyekundu, madirisha ya vioo vya rangi, na geti la chuma ambalo mimi silifungui bila kulisukuma kwa bega. Vyumba vya kulala ni sita. Anayelala humo ni mimi na popo waliojaa darini. Natamani siku moja nimsimamishe mmoja wao nimwambie, shuka kwenye pikipiki baba, ingia jikoni ufunue sufuria, halafu uje utusifu vizuri.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Huruma nimepewa ya kutosha pale kanisani, na haipikiki.

Kaka yangu aliondoka nikiwa bado kwa mume, huko Bweranyange. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani alibaki baba peke yake. Ili kaka apate nauli, baba aliuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu mitatu ikiwa bado maua mtini. Kwetu biashara hiyo inaitwa butura, na kila mtu anajua kwamba mwenye kuifanya ana shida au ana wazimu. Baba alisema hana shida wala wazimu, ana mtoto mwenye akili. Kaka akavukia Murongo kuingia Uganda, na kutoka huko akapanda ndege. Kwetu ng'ambo yoyote ni Ulaya. Ninachojua kuhusu nchi yake ni kwamba ina baridi na kwamba yeye alikuwa anapanga mizigo ghalani.

Miaka michache baadaye mume wangu alinirudisha. Tulikaa pamoja miaka tisa, sikuzaa, basi akaona nimemchosha. Nilirudi na sanduku moja na godoro, nikasimama uani kwa baba kama mgeni asiyejua abishe hodi wapi. Mwanamke aliyerudi hana pake. Ardhi ya ukoo ni ya wanaume, wewe unahifadhiwa tu. Baba alikuwa anamenya ndizi. Alisema, "Ingia ndani. Migomba haiulizi mtu ana watoto wangapi."

Kibanja chetu hakikuwa kikubwa, lakini kilishiba. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na wasiokijua hudhani kinajiotea. Thubutu! Kila msimu tulikwenda kukata nyasi kule kwenye mbuga ya rweya, tukazibeba kichwani, tukazitandaza chini ya migomba mpaka ardhi isionekane. Kila shina baba aliacha migomba mitatu tu, mama, binti na mjukuu, mingine yote anaing'oa. Na migomba mizuri kuliko yote ni ile iliyo karibu na nyumba, kwa sababu ndiyo inayomwagiwa majivu, maganda, samadi, maji ya kuoshea vyombo, na yote hayo tangu enzi za baba wa babu yetu. Hapo mlangoni kwetu ungechoma jembe likazama mpaka kwenye mpini. Udongo ulikuwa mweusi na laini, ukiufinyanga mkononi unabaki na umbo la vidole.

Pesa za kaka zilipoanza kuja, zilikuja na agizo moja: mzee apumzike. Nisije nikajifanya malaika hapa, nilifurahi kuliko baba. Mgongo ulikuwa unaniuma, mikono ilikuwa imekakamaa, na majirani walikuwa wameanza kuniita dada kwa heshima, mimi niliyerudishwa! Tukaajiri vibarua. Baba akawa anaamka, anavaa koti, anakaa barazani kuangalia watu wengine wakilima shamba lake. Mara moja alinyanyuka akamnyang'anya kijana jembe amwonyeshe jinsi ya kuzungushia shina. Mimi ndiye niliyemfuata nikamrudisha kitini. Nikamwambia, "Baba, kaka akisikia tunakulimisha atatuelewaje?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitilia maanani. Msimu wa nyasi, kijiji chetu kilikuwa kinasaidiana. Leo mnabeba nyasi za huyu, kesho za yule, jioni mnakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kucheka. Sisi tukaacha kwenda. Tukawa tunamtuma kibarua akabebe kwa niaba yetu. Tulijiona wastaarabu sana. Watu hawakusema kitu, ila msimu uliofuata hakuna aliyekuja kwetu, na hatukushtuka, kwa sababu tulikuwa na pesa ya kulipa.

Kisha ikaja nyumba. Kaka alituma ramani kwenye simu, akatuma na fundi kutoka Bukoba, bwana mmoja wa miwani ya jua aliyekuwa anapima kwa hatua huku anatafuna karanga. Agizo lilikuwa kwamba nyumba ijengwe katikati kabisa, pale pale kwenye nyumba ya zamani, iongezwe kila upande, na mbele yake uwe ua mpana uliosakafiwa, wa kugeuzia gari. Gari gani? Wallahi sijui, na mimi ni Mlutheri. Hakukuwa na gari na hakujawahi kuwa na gari.

Baba alichukua simu kwa mikono miwili kama kawaida yake, akauliza, "Na hii migomba ya mlangoni?"

Nilikuwa nimekaa karibu, nilisikia jibu. "Baba, ndizi si mtanunua? Ndizi ni kitu cha kukuumiza kichwa?"

Baba akanitazama mimi. Alikuwa anaomba nimsaidie, nilijua hivyo, na nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshachagua chumba changu. Halafu nikafungua mdomo nikasema jambo baya zaidi ya kukaa kimya. Nikasema, "Baba, usituaibishe." Alikata simu bila kuaga. Siku mbili za kukata migomba ile aliketi upande wa nyuma, amegeukia ukuta, na chakula nilichompelekea nilikikuta hakijaguswa.

Nyumba ikapanda. Sitakataa kwamba ilikuwa nzuri. Siku ya kuibariki mchungaji alikuja, wakaja wazee wa ukoo, tukachinja mbuzi watatu, na mimi nilivaa kitenge kipya nikawa natembeza watu chumba kwa chumba nikiwaomba wavue viatu. Baba naye alitembezwa. Alipofika sebuleni alisimama katikati ya vigae akaniuliza kwa sauti ya chini ataweka wapi majivu ya jiko.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia Karagwe, walioushinda mapema ni wale waliokuwa wanalima wenyewe. Mtu aliyeamka alfajiri akaona jani moja limegeuka manjano kabla ya wakati wake aling'oa shina zima siku ile ile na kulichoma panga lake motoni. Sisi tulikuwa na vibarua. Wanakuja mara moja kwa majuma mawili, wanatoka kwenye shamba la mtu mwingine, wanapita na panga lile lile kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, wanalipwa, wanaondoka. Nilipogundua kuna kitu, nilikata mkungu nikakuta ndani ndizi zimekuwa za kahawia na shina linatoa usaha. Nilimwita baba. Alizunguka kibanja chote kwa mguu, akarudi, akasema kimekwisha. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikaenda kununua ndizi kwa mara ya kwanza maishani. Msomaji wa mjini hataona ajabu, lakini mtu wa kwetu mwenye kibanja akinunua ndizi ni sawa na mchungaji kwenda kuazima Biblia kwa mlevi. Sikuthubutu kwenda sokoni. Nilikwenda kwa jirani yetu wa upande wa chini, mama mmoja mjane, mtu wa maneno machache, ambaye mnyauko ulimgusa shina tatu tu akazing'oa. Nilimwambia zetu hazijakomaa. Alinitazama, akatazama nyumba yetu kule juu, akanikatia mkungu akaufunika vizuri kwa majani ili nisionekane njiani. Yule mama ana roho nzuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Pesa nazo hazikukatika siku moja. Zilipungua. Kwanza ikawa watoto wake wanasoma, kisha mgongo, kisha ghala limeleta mashine, kisha simu ikawa inaita tu. Vibarua wakaacha kuja. Nikashika jembe tena nikiwa na miaka karibu hamsini, mikono imekuwa laini kama ya karani, nikakuta kibanja kimekuwa magugu na visiki.

Lakini nilijua cha kufanya. Upande wa bondeni palikuwa na sehemu nzuri ambayo ujenzi haukuigusa. Bwana shamba alinieleza: ng'oa visiki vyote, panda mahindi na maharage kwanza ugonjwa uishe, kisha uweke machipukizi safi. Kazi ya miaka miwili mitatu. Niliitaka sehemu ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, hata mtoto, Mungu anisamehe. Baba alikuwa bado hai, lakini alikuwa ameshautangazia ukoo kwamba mrithi ni kaka, na wazee wakaniambia siwezi kubadili shamba la mrithi bila neno lake. Nilichoomba ni neno tu. Kaka aseme mbele ya ukoo, hata kwa simu, kwamba bondeni ni kwa dada yenu, alime mpaka afe. Nilimpigia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jibu lilikuwa lile lile, "Mdogo wangu, subiri nije tuzungumze."

Baba alifariki kwenye chumba chenye vigae, kwenye kitanda kilichonunuliwa Mwanza, na siku zake za mwisho alikuwa anaomba apelekwe nje. Ndipo kaka akaja.

Sikumtambua upesi. Nilitegemea bwana mnene. Alishuka kwenye teksi mtu mwembamba, mvi kichwa kizima, kakunja mgongo, kavaa koti zito juani. Alinikumbatia akalia kama mtoto. Nililia pia. Kwa siku nne za matanga tulikuwa ndugu kweli, tukikumbushana jinsi mama alivyokuwa anatukimbiza na mwiko, na nilijiambia sasa mambo yatakwenda sawa.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa sebuleni, wanaume kwenye makochi, sisi wanawake chini. Kaka akakalishwa kwenye kiti cha baba. Akashukuru watu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba shamba lote, pamoja na bondeni, amekubaliana kumwuzia mfanyabiashara mmoja wa Murongo anayetaka kupanda miti ya mbao. Makaburi yataachiwa njia.

Mawe, mama yangu! Ardhi ya ukoo haiuzwi hivyo kwetu. Wazee wana haki ya kukataa, na zamani mtu aliyetamka neno kama lile angetolewa nje. Nilingoja mtu asimame. Nikamtazama baba mdogo, na nikakumbuka kwamba kaka ndiye aliyemsomeshea mwanawe ualimu. Nikamtazama aliyekaa karibu naye, kaka alimlipia upasuaji. Nikazunguka sebule nzima kwa macho, jamani, hakukuwa na mwanamume hata mmoja ambaye hakuwahi kupokea kitu. Walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Pesa zile zilizokuwa zinakuja miaka yote, kumbe zilikuwa zinanunua ulimi wa kila mtu, na kaka mwenyewe nadhani hakujua.

Nikasimama mimi. Nikasema, "Nimelima hapa tangu niliporudishwa. Nimemwogesha baba. Naomba bondeni tu, mengine uzeni."

Kaka akasema, "Mdogo wangu, sikutupi. Nyumba nakuachia wewe na ua wake. Yote. Nani hapa ana nyumba ya vyumba sita?"

Wakapiga makofi. Mungu ni shahidi wangu, walipiga makofi, na mmoja akasema nina bahati.

Nilimfuata baadaye pale nyuma ya nyumba nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni, na sikuchagua maneno. Nikamwita mwizi. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba huko aliko hana hata mlango wake, anakaa chumba cha kupanga, watoto wake hawajui Kinyambo chetu wala Kiswahili na mama yao alishamwacha, na fedha ya shamba ndiyo atakayozeekea. "Nilikuwa nalala njaa ili nitume," akasema. "Nilidhani nyinyi huku mnaendelea."

"Na sisi tulidhani wewe huko unaendelea," nikamjibu.

Hasira haikuniisha, ilikosa tu mahali pa kukaa. Baada ya juma moja alivuka Murongo tena, na yule mfanyabiashara alileta watu wake wakang'oa kila kilichobaki mpaka kwenye ukuta wa ua wangu.

Nyumba huwezi kuila. Nilijaribu kuipangisha, lakini nani apange vyumba sita Nyabiyonza? Mwalimu mmoja alikuja akaangalia, akacheka kwa adabu, akaenda kupanga chumba kimoja senta. Nikakaa nikifikiri wapi nitapata hata shina kumi za kunilisha, na ndipo nikatazama ua. Ule ua wa kugeuzia gari! Chini yake ndipo palipokuwa na migomba ya mlangoni, ile ile iliyokula majivu ya jiko ya vizazi vinne. Nilijiona mjinga kwa kutofikiria mapema. Niliazima sururu nikaanza kuvunja sakafu. Watu wakasema dada wa watu amechanganyikiwa. Nilivunja siku sita, mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti, nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu ujana.

Chini ya zege palikuwa na mawe. Nikayatoa. Chini ya mawe palikuwa na changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Nikachimba. Nilichimba mpaka nikawa nimesimama shimoni hadi kiunoni, changarawe, changarawe tupu. Nikapanda hivyo hivyo machipukizi manane, nikayamwagia maji na kuyatilia majivu. Yalikaa miezi minne bila kuongeza jani, kisha yakakauka moja baada ya jingine.

Nikashuka kwa yule mama jirani kumwomba machipukizi mengine. Nilimkuta shambani mwake, upande unaopakana na njia, ambako migomba imekuwa minene kiasi cha kushindwa kukumbatiwa. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza habari ya changarawe, na kwamba siwezi kuelewa udongo wa nyumbani kwetu ulikwenda wapi.

Akaacha kupalilia. Akanitazama kana kwamba ninamtania.

"Mwanangu, si uko hapa?"

Sikumwelewa.

"Fundi wenu alipochimba msingi na ua alitoa udongo wote, akaweka changarawe. Ulikaa rundo kubwa pale getini. Nilikuja na toroli kuomba kidogo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenijibu. Ulisema, chukua wote mama, utuondolee uchafu huu. Nilibeba juma zima."

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata nguo niliyovaa. Nilikuwa nimesimama getini nimeshika kiuno, na nilimwambia afanye haraka kwa sababu vigae vinaletwa kesho.

Niliinama nikaokota kiganja cha ule udongo nikaufinya, na machozi yakanitoka pale mbele yake bila aibu. Yeye hakunikaripia wala hakunibembeleza. Alingoja ninyamaze, akapangusa jembe lake kwa nyasi, akasema kwamba machipukizi angenipa lakini nitayapanda wapi, na kwamba yeye sasa ni mzee, anatafuta mtu wa kumpalilia na kubeba nyasi, angemlipa mkungu mmoja kila juma na kitu kidogo cha chumvi na sabuni. Ila hakupenda kunitamkia mimi, mtoto wa nyumba kubwa, nisije nikaona ananidharau.

Nikamuuliza nianze lini.